Kibodi Isiyosikika Chumba cha Pili

Jumatatu, 6 Novemba

Mama ameanza tena. Saa nne asubuhi, sijamaliza kuandika maneno ya hata dakika kumi za tamthilia, sauti yake ikapenya ukutani: "Mi-suk, unaandika au unatwanga mchele wa mwaka mpya?"

Nikaacha. Baadaye nikaendelea kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa. Viziwi wa nchi nzima wanasubiri wasome waigizaji wanasema nini, na mimi siwezi kubonyeza kitufe nyumbani kwangu.

Saratani ya mama imefika kwenye ini. Daktari alisema tusitazamie avuke majira ya kuchipua. Mama alisema hospitalini harudi. Basi tuko hapa, yeye chumba kile, mimi hiki, na ukuta mwembamba kama karatasi.

Jumanne, 7 Novemba

Nimejaribu kibodi ile bapa ya laptopu. Kelele hakuna. Kufika saa saba, vidole vitatu vya kulia vimekufa ganzi. Kikombe kikaniponyoka. Ugonjwa uleule wa mwaka jana — na daktari alishanikataza bapa. Nitumie yenye springi chini ya kila kitufe, nisikandamize hadi mwisho. Na zenye springi ndizo zenye kelele.

Niache kazi? Niende kuandikia mkahawani? Nani atamgeuza mama?

Alhamisi, 9 Novemba

Bi. Tak wa ghorofa ya chini alikaa na mama. Nikaenda Yongsan, kwenye duka la kibodi la Bw. Ha — mzee mwenye kipara na miwani mbili, moja puani, moja utosini. Akanipangia kibodi kumi na moja mezani, akaniambia nifumbe macho niandike. Ya swichi za buluu chini ya vitufe inalia kama mtu anayebangua karanga. Ya kahawia afadhali. Akauliza natafuta sauti gani, maana wateja wake wengine wanataka ya mvua, wengine ya kokoto.

Nikamwambia sitaki sauti yoyote.

"Ya hivyo haijatengenezwa, dada. Hata kitanda kina sauti."

Nikasema nyumbani kuna mgonjwa. Sijui kwa nini nilimwambia. Akaenda nyuma, akarudi na moja yenye swichi za waridi, zina mpira mdogo ndani unaomeza kishindo. Akanipa na kikopo cha grisi, akasema kitufe cha nafasi, kile kirefu cha kutenganisha maneno, ndicho msaliti, nikipake vizuri.

Kwenye treni nimeipakata kama mtoto.

Jumamosi, 11 Novemba

Bado. Herufi hazisikiki, lakini kitufe cha nafasi — du! du! — kila baada ya neno. Mama alisubiri nimalize mstari wa kwanza.

"Umebadili mchi. Kinu ni kilekile."

Nililia chooni, bomba nimelifungulia.

Mama, uji wa maboga: vijiko vitatu.

Jumapili, 12 Novemba

Nimeifungua yote. Skrubu nane. Sponji ndani, grisi kwenye kitufe cha nafasi, kitambaa kizito chini. Springi moja ikaruka chini ya kabati, nikaitafuta kwa magoti nusu saa. Mimi, mtu mzima wa miaka arobaini na sita. Mama yangu anakufa na mimi natafuta springi.

Jumatatu, 13 Novemba

Nimeandika kutwa. Mama hakusema neno.

Vijiko viwili.

Jumanne, 14 Novemba. Saa tisa alasiri

Kaka Chang-guk amepiga simu kutoka Ulsan, kama kila Jumanne. Kwa kawaida kelele za kibodi yangu huwafunika, siwasikii. Leo, kupitia ukutani, namsikia mama neno kwa neno. Naandika haya huku anaongea.

Mama anamwambia kaka amtafutie nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wasiopona, kabla ya baridi kuzidi. Mimi nisiambiwe mpaka gari liwe mlangoni. Anasema mimi sijalala sawasawa tangu kiangazi, mikono yangu imeharibika.

Sasa anasema, polepole, anapumzika katikati:

"Kelele zenyewe hazinisumbui. Nikizisikia najua yupo. Nilimsakama makusudi, mwanangu. Nilidhani atanichoka, aseme basi, niondoke asijilaumu. Hachoki huyu. Anakwenda kununua nyingine."

Kaka anajibu kitu. Mama anasema hapana, leo Mi-suk katoka, kimya toka asubuhi.

Vidole vyangu viko kwenye vitufe. Vinaandika, havisikiki.

Simu amekata. Ameita jina langu. Nimezuia pumzi. Ameita tena, sasa kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kujibiwa. Sijui niitike nikiwa hapa, ajue nimesikia — au ninyate hadi mlangoni, nivae viatu, nifungue na kufunga mlango, nijifanye ndiyo kwanza narudi.