Sikukuu ya Vibanda na Kibanda Chetu

Alhamisi

Nimenyoosha mkono! Mimi, ambaye tangu kidato cha kwanza sijawahi kujibu bila kuitwa jina.

Mwalimu wa dini aliuliza kwa nini Wayahudi hukaa vibandani wiki nzima. Wenzangu walitaja safari ya jangwani. Nikasema kuwa nimesoma maktabani kwamba huenda ilianza zamani zaidi, wakulima walipolala shambani wakivuna zabibu. Kama sisi kijijini Ganako tunavyolala shambani kulinda mahindi yasiliwe na tembo.

"Na wao walifukuza tembo?" akadakia Petro, mtani wa darasa. Wote wakacheka. Hata mimi.

Mwalimu akaniomba nieleze kibanda chetu kinavyojengwa. Nikasahau kuogopa. Kengele ikalia sijamaliza kuezeka, na Petro akasema, "Mwalimu, mwache amalize kwanza."