Mgongo wa Kadi ya Tabora

Makole, 3 Machi 2024

Kaka Nathanaeli,

Shikamoo. Habari za Kolo na wageni wa gesti yako wanaokuja kuona michoro ya mapangoni? Sisi wazima, ila usingizi umenihama. Jumatano nimejifungua wa kiume, ananyonya kama anakimbizwa.

Sasa shida yangu. Unakumbuka miaka yote baba akihudumia mezani hotelini, alimwomba kila mgeni wa mji mwingine postikadi ya hoteli ya huko. Zikafika arobaini na moja, bati la biskuti likajaa. Kabla hajafa aliniambia jina la mtoto ameliandika nyuma ya kadi ya hoteli ya Tabora, nisilisome mpaka nijifungue, maana mtoto hatajwi akiwa tumboni. Bati unalo wewe tangu matanga, ulisema unazihifadhi. Naomba unipigie picha ya mgongo wa kadi hiyo. Ubatizo ni Pasaka.

Mdogo wako,
Ritha

Kolo, 15 Machi

Mdogo wangu Ritha,

Marahaba, na hongera, mama. Mimi sijambo, mvua tu imetukatia barabara. Kadi ziko salama kuliko zilivyokuwa huko kwenu na panya wa Makole. Kamera ya simu imekufa, kwa hiyo nakuandikia tu: baba ameandika Sila. Mwandiko wake uleule wa kulalia kushoto.

Msalimie mjomba wangu.

Kaka yako

Makole, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Sila amebatizwa. Yeye hakulia, nimelia mimi. Nikipata nguvu nakuja kuchukua bati, nimwonyeshe mwandiko wa babu yake.

Mdogo wako

Makole, 20 Agosti

Nathanaeli,

Leo shikamoo sina. Tumerudi salama, asante kwa kutouliza.

Jumamosi nilikuja Kolo na mtoto mgongoni, nikushtukize. Ulikuwa umekwenda Kondoa mjini. Shamimu wako wa mapokezi akanikaribisha, nikainua macho: kadi za baba zote ukutani, zimepangwa kama vigae, zimegandishwa kwa gundi ya mbao.

"Zinapendeza, eh dada? Tangu Januari wageni wanapigia picha hapo."

Tangu Januari. Wewe uliniandikia Machi.

Nikamwuliza nani kazibandika.

"Si ni fundi Sila." Akamchungulia mtoto. "Na huyu bwana anaitwa nani?"

Nikaomba birika la maji yanayochemka, nikashikilia mvuke chini ya kadi ya Tabora mpaka mkono ukababuka. Ikaachia kona moja moja. Wino mwingine umebaki ukutani kwako, lakini hapa panasomeka: "Akiwa wa kiume mpe la kaka yako, naye asijione yuko peke yake."

Ungesema tu, "Ritha, nimeharibu." Ningekasirika, kisha tungechemsha maji wawili.

Mwanangu ukimwita Sila anageuka, anacheka. Sitambatiza mara mbili ili wewe upate jina. Huyo fundi alifanya alichotumwa, hakunidanganya, jina lake halituchomi. Ukija utakula, na mtoto nitamfundisha kukuamkia.

Kadi ya Tabora ninayo. Arobaini zilizobaki zibandue mwenyewe, kwa mvuke, si kwa kisu. Na usome kila mgongo kabla hujaniandikia tena.

Mama Sila