Spika Uliyoniwekea Jikoni

Baba,

Shikamoo. Miaka tisa tuliyokaa nyumba moja hapa Nyasubi nilikuamkia kila asubuhi nikiwa nimepiga goti nje ya mlango wa sebule, nawe uliitikia marahaba ukitazama ukuta. Ndiyo heshima yetu ya Kisukuma. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, na neno likiwapo linapitia kwa mtoto. Kwa hiyo barua hii peke yake ina maneno mengi kuliko yote niliyowahi kukwambia. Ukiona nimevuka mpaka, nisamehe. Sina mtoto wa kumtuma huko uliko.

Huku nyumbani tupo. Mama analala na Kabula siku hizi. Anasema mjukuu wako anampiga mateke mpaka kunakucha, lakini ukimwambia arudi chumbani kwake anajifanya hasikii. Mwanao bado anaendesha lori la mizigo, leo yuko hapa, kesho Geita. Mvua zilichelewa, halafu zikaja zote kwa mkupuo, na siku moja radi ikapiga, umeme ukakatika na kurudi kwa nguvu, na ile saundiba ikatoa moshi mwembamba ikanyamaza. Unaikumbuka. Ile spika moja nyeusi, ndefu, iliyolazwa chini ya televisheni, uliyoipa jina la mtambaapanya, kama ule mti mrefu wa darini. Wote walicheka siku ile isipokuwa mimi, maana nilikuwa nyuma ya pazia na mkamwana hachekei nyuma ya pazia.

Jumamosi Baba Kabula akanichukua dukani tukachague nyingine. Akasimama katikati ya duka, mikono mfukoni, akasema, "Chagua wewe, Mama Kabula. Safari ile wewe ndiye uliyelalamika." Hakusema kwa ubaya, lakini ilinichoma.

Muuzaji ni mama mmoja wa miwani, mpole, asiye na haraka ya kuuza. Akatueleza. Saundiba haina mambo mengi, ina waya mmoja wa umeme na mmoja wa televisheni, maneno ya watu yanatoka safi, na kwa sebule ndogo inatosha kabisa. Spika za kutenganisha zina utamu wake, sauti inakuzunguka pande zote, ila hazitaki kuwekwa ovyo. Ile ya katikati, mbele, ndiyo inayobeba maneno. Za nyuma hazibebi maneno, akasema. Zinabeba mvua, upepo, vishindo vya mtu anayekuja. Kisha akavua miwani akatuuliza, "Sasa niambieni, huwa nani anakaa wapi akisikiliza?"

Baba, nilitoka nje. Nilisimama kwenye baraza la duka la jirani, mbele ya magunia ya mchele ya watu, nikalia mchana kweupe, mtu mzima na mkoba wangu. Baba Kabula alidhani nimekumbuka msiba. Ni kweli nilikuwa nimeukumbuka, ila si kwa namna aliyodhani.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. Kabula alikuwa na miaka minne ulipoleta zile spika tano za kutenganisha na sabufa yake. Ulizifunga mwenyewe. Waya ulijifunza kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya Geita, ukifunga taa na feni za kupeleka hewa kwa waliokuwa shimoni, na kila kiungo ulikikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli kana kwamba unashikilia roho za watu. Jioni mkikaa, wewe na Mama na majirani wawili watatu, tamthilia ikianza nyumba nzima inakuwa yenu. Mimi nilikuwa jikoni na ugali wangu. Kusema kweli hilo halikuniumiza. Mama yangu aliishi hivyohivyo, na jikoni kuna raha yake, hakuna anayekuuliza unatafuna nini. Kilichoniuma ni vicheko. Mnaangua kicheko, nami nimesimama na mwiko mkononi najiuliza, ni mimi? Au ni mboga ya jana?

Siku moja nimetoka sokoni nikakuta tundu ukutani na spika moja imetundikwa jikoni kwangu, juu ya gunia la mahindi. Wewe ulikuwa umeshatoka zako. Hakuna aliyeniambia kitu, nami sikuuliza.

Jioni spika ikaanza. Ikanyesha mvua. Mlango ukafungwa. Vishindo vya miguu vikaja, vikapita. Mbwa akabweka, kisha mvua tena. Watu hawakusema hata neno moja. Kutoka sebuleni nilisikia mvumo tu wa mazungumzo, kama watu walio ng'ambo ya shamba, lakini spika yangu ilininyima maneno yote. Nikasema moyoni, huyu mzee anataka nini kwangu?

Ndipo Kabula akaja mbio. "Babu anauliza, umesikia yule mama alivyomjibu mwenzake?"

Sasa nikwambie nilivyofikiri, na unicheke ukitaka. Tamthilia ya siku zile ilikuwa ya mkamwana aliyeingia kwenye ukoo wa watu akautafuna mpaka mifupa. Nilijua kwa sababu bombani wanawake hawakuwa na habari nyingine. Nikasema, kumbe. Nimewekewa mahubiri. Mzee ananiletea somo mpaka jikoni, ili nisiseme sikuonywa. Nikavaa ile sura yangu ya heshima, nikamwambia mtoto, "Mwambie babu nimesikia."

Sikuwa nimesikia kitu. Ukauliza tena kesho yake, na kesho kutwa, nami nikajibu hivyohivyo. Miaka mitatu, Baba.

Ningeweza kusema spika hii haina maneno. Sentensi fupi tu. Lakini mkamwana amwambie baba mkwe kwamba kazi ya mikono yake ina kasoro, ataanzia wapi? Kwa mume wangu nilisema, ila nilisema jambo jingine. Nilisema waya unapita juu ya masufuria, umeshika mafuta na masizi, iko siku utaniua. Yeye ni mtu wa kutaka mambo yaishe. Safari iliyofuata akarudi na saundiba. Wewe mwenyewe ulizifungua zile spika, ukauzungusha waya kwenye kiwiko, ukaziba tundu kwa saruji na kulipiga msasa, wala hukunung'unika.

Kisha ukaanza kuongeza sauti. Uliongeza mpaka kuku walihama upande ule wa nyumba. Mama akasema masikio yako uliyaacha Geita kwenye baruti, na sote tukaamini. Wiki moja kichwa kikanisumbua, nikamtuma Kabula, "Mwambie babu apunguze, mama anaumwa." Ukapunguza palepale, mpaka chini kabisa. Siku chache baadaye ukasema unakwenda kijijini Samuye kuangalia ng'ombe, na hukurudi. Mwezi wa nne tangu uondoke wakatupigia simu kutoka huko. Ulikuwa umeanguka asubuhi mlangoni pa zizi, na hata gari la kukupeleka hospitali halikuwahi kufika.

Siku ya tatu ya matanga tulikuwa tunachambua mchele, Mama na mimi. Sijui alikuwa anafikiri nini. Akasema tu, macho yake kwenye ungo, "Ile spika ya jikoni aliiweka kwa ajili yako. Alisema mtoto wa watu yuko peke yake kule, sisi tukicheka atadhani tunamcheka yeye."

Akaendelea. Akasema kila nilipojibu kwamba nimesikia ulikuwa unamgusa goti, umefurahi. Akasema hukuwa kiziwi. Ulikuwa unaongeza sauti ili ifike jikoni, kwa kuwa mtambaapanya haukuwa na waya wa kupita ukutani. Na nilipomtuma mtoto upunguze, ulisema, "Mtoto wa watu amechoka na sisi. Tumpumzishe." Nikaendelea kuchambua mchele. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Nilimuuliza Mama kama uliondoka kwa sababu yangu. Alisema ng'ombe walikuwa wanataka mtu. Alijibu haraka mno, Baba. Tangu siku ile nalibeba jibu lile na halikai sawasawa kichwani. Siku nyingine naliamini. Siku nyingine nafua nguo nasimama katikati, najiambia nilimfukuza mzee wa watu nyumbani kwake kwa sababu ya kichwa kuuma.

Basi pale dukani yule mama wa miwani hakujua alichonifungulia. Mpaka siku ile nilidhani spika ilikuwa mbovu, au uliifunga vile makusudi. Kumbe hukujua. Ulichukua spika ya nyuma, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na ukuta wangu, ukaamini inasema yote yanayosemwa na zile nyingine. Ulinitumia hadithi nzima, ikanifikia mvua na vishindo, nami nikakurudishia jibu kwamba imefika. Wewe ulikuwa na adabu, mimi nilikuwa na adabu, na kwa adabu hiyo tukapotezana miaka mitatu tukiwa tumetenganishwa na tofali moja.

Na sasa nakaa sebuleni. Siku ya arobaini Mama mwenyewe alinishika mkono akanivuta ndani, akasema hakuna tena wa kumkimbia. Nakaa kwenye kochi kama mwenye nyumba. Nasikia kila neno. Majirani wakicheka najua wanacheka nini, na mimi nacheka. Nafasi hiyo nimeipata kwa kuwa wewe umekufa, na mpaka leo sijajua namna ya kuikalia. Kiti chako tumekiacha palepale, mimi hukaa upande wa pili.

Nilirudi dukani nikiwa nimenawa uso. Yule mama akanipa kigoda, nami nikamweleza Baba Kabula yote, mbele ya mtu nisiyemjua, maana nilijua nikingoja tufike nyumbani nitanyamaza tena. Alisikiliza akikuna ndevu. Kisha akasema basi tuchukue zile za kutenganisha, tuzifunge kama alivyozifunga mzee, na ile moja irudi jikoni, iwe kumbukumbu.

Nilikataa. Nilichagua saundiba. Aliniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia, na njiani aliniambia nina moyo mgumu. Huenda. Lakini jikoni siku hizi hayupo mtu wakati wa tamthilia, Baba. Ile spika ningeitundika, ingenyesha mvua yake pale na kubweka mbwa wake, na mimi ningekuwa sebuleni nikijifanya nimekutendea jema. Nimeshajifanya vya kutosha. Wewe ulitoboa ukuta ili niyapate maneno, na maneno sasa nayapata kwa mtambaapanya, sote tukiwa tumekaa mahali pamoja. Mama amekubaliana nami, ingawa alisema kwa sauti ndogo, mwanae asisikie.

Hiyo ndiyo sababu ya kukuandikia. Nilikudanganya. Ulifurahi kwa miaka mitatu kwa jambo ambalo halikuwapo, na sijui kama nikwambie ulifurahi bure au niseme furaha ni furaha. Ningekuwa nimefungua mdomo siku ya kwanza ungehamisha waya mmoja tu. Ungecheka, nakujua. Ungesema fundi wa Geita kashindwa na tamthilia.

Mvua zikikatika wanakuja ndugu wote Samuye kujengea kaburi lako. Kama kawaida, wanaume watakoroga zege na wanawake tumepangiwa kupika nyuma ya nyumba. Siku ya maziko pia nilikuwa nyuma ya nyumba na sufuria kubwa la ukoo, na kilichonifikia ni makoleo tu na watu wakijibu amina. Nimemwambia Mama safari hii sitapika. Nitachota maji ya zege na kuyaleta mwenyewe mpaka pale ulipo. Alijifunga upya kanga yake kiunoni, nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, "Basi chukua ndoo ndogo, kisimani ni mbali."

Kwa hiyo nakuaga kwa leo, Baba, na nakuahidi hilo. Wanaume wakimaliza na kwenda kula, mimi nitabaki. Nitakaa chini kando yako, karibu, watu waseme watakavyo, na nitakwambia kwa sauti yangu kwamba sikusikia neno hata moja miaka yote ile, na kwamba nashukuru. Yote mawili ni kweli.

Pumzika.

Mkamwana wako,
Mama Kabula