Ofisi Yangu ya Kawangware

Akinyi wangu, sasa? Huku Kibera tuko wazima, nyanyako goti limepoa na sasa ananishinda kutembea.

Umeuliza tulifanyaje biashara bila simu za mfukoni. Mimi, fundi wa vitanda asiye na mpinzani, nilimwambia meneja wa hoteli apige simu ofisini kwangu saa nne. Akasema asiponipata, kazi atampa mwingine. Ofisi yenyewe ilikuwa sebule ya Mama Njeri, mwenye ploti niliyopanga Kawangware, na simu ilikuwa yake.

Saa nne ikafika, lakini aliyepiga ni dadake Mama Njeri, akaanza hadithi za harusi. Nikamwonyesha Mama Njeri saa ya ukutani.

"Weka simu," Mama Njeri akamwambia, "mpangaji wangu anangoja kazi."

Simu ikalia tena, Mama Njeri akaiinua. "Ofisi ya fundi. Yuko na wateja, subiri." Akafunika simu kwa kiganja. "Meza mate kwanza, Baba Otieno. Unatetemeka."

Nikaongea kama waziri, kazi nikapata. Najisifu mpaka leo, lakini sauti aliyoiamini meneja kwanza haikuwa yangu.

Babu yako, anayengoja upige.