Nilitoa Matondo, na Sonde Ingali Ndani

Mama Gentille, nakusalimu wewe na wote wa hapo redio, na nakuomba unisaidie kabla Jumanne haijafika, maana nina furaha na nina aibu kwa pamoja. Mimi ni Domitille wa Ngezi, nauza samaki sokoni, na mwaka mzima jiwe la figo lilikuwa linanigaragaza chini mbele ya wateja, mpaka mwezi uliopita Daktari Osée akalitoa, nikapona, nalala vizuri, nakula mpaka mume wangu Fiacre ananicheka. Ila kabla ya upasuaji daktari alinieleza kwamba ataacha sonde, yaani mrija laini toka figo hadi kibofu, ili mkojo upite wakati ndani panapona, akaniambia nichague: ile yenye uzi unaobaki nje, ambayo huvutwa baada ya siku chache, au isiyo na uzi, ambayo yeye ataitoa kwa kamera ndogo baada ya wiki nne, nikaona haya na ule uzi, nikachukua ya pili.

Sasa kosa langu ni hili: nilipopata nguvu tu nilisimama na korali yetu ya waimbaji kanisani, nimevaa kitenge kipya, nikatoa ushuhuda kwamba hakuna kitu kilichobaki ndani yangu, watu wakapiga vigelegele, nikaleta matondo ya kumshukuru Mungu, kuku wawili na mchele, na sonde sikuitaja kwa sababu wimbo ulikuwa umeshaanza. Fiacre anasema niende Jumanne kutolewa sonde kama karatasi ya hospitali inavyosema, lakini nilipomnong'oneza rais wa korali, Mama Micheline, akaniambia: "Weye ulisema mbele ya kanisa hakuna kitu iko ndani, sasa unarudi kutoa nini? Batu batasema siye tulidanganya Mungu. Uiache, haiko inakuumiza." Na kweli hainiumizi, isipokuwa naenda haja ndogo kila mara, na mkojo unakuwa mwekundu kidogo nikipanda pikipiki. Je, nikiiacha mpaka watu wasahau, kuna ubaya? Na ile ya uzi ingekuwa salama zaidi?

*Mama Gentille anajibu:*

Domitille, nimefurahi nawe mpaka nimecheka peke yangu hapa studio, halafu nikafika kwenye "mpaka watu wasahau" nikakasirika. Watu wakisahau, na wewe utasahau, na hatari yote iko hapo. Nimemuuliza daktari kabla ya kukujibu: sonde iliyoachwa miezi mingi inaota mawe juu yake, inakwama, na figo inaweza kufa polepole bila kukuuma hata kidogo. Unataka upasuaji wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza?

Hukuchagua vibaya. Ile ya uzi hutoka mapema bila kamera, ila inaweza kuvutika kwa bahati mbaya kabla ya siku yake. Yako imetulia, ila inadai urudi. Zote ni salama zikitolewa kwa tarehe. Hiyo haja ya kila mara na huo wekundu kidogo ni kawaida, kunywa maji na pikipiki uipunguze. Lakini ukipata homa na kutetemeka, maumivu makali ubavuni, damu nyingi, au mkojo ukikataa kutoka, usingoje Jumanne wala ruhusa ya mtu, kimbia hospitali. Na asikudanganye yeyote kwamba kuna majani ya kuitoa.

Mama Micheline anakupenda, lakini figo si yake. Jiwe lilitoka kweli na matondo yako yalikuwa ya haki. Mungu hukumdanganya, alikuwepo sonde ikiingia. Uliowaficha ni korali, basi hao ndio wa kuambiwa. Kwenye mazoezi ya wiki hii simama useme: jiwe limetoka, sonde bado, naenda kuitoa Jumanne, mniombee. Watakuombea, mama, hao si wanyama.

Jumanne asubuhi Fiacre akusindikize, na karatasi ya hospitali usiiache nyumbani. Mama Micheline akinuna, mwombe akuuzie samaki wako sokoni siku hiyo. Akikataa, funga meza uende.