Masikio ya Bonge

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, ila baba yako na mgongo wake, na mimi na baba yako. Wewe u mzima? Unakula, au unakonda tu mbele ya hiyo kompyuta?

Kaka yako Bonge bado kimya, mwaka wa tatu huu tangu aende kutafuta kazi. Jirani anasema wewe kazi yako ni kuwarudishia sura maiti wasiojulikana. Mbona mimi uliniambia uko hospitali tu? Basi kama yumo humo, niambie. Nimechoka kumkodolea macho kila kijana anayepita.

Mama

11 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, na ninakula. Nilikuficha kwa sababu nilijua utauliza hivyo.

Ni kweli. Tumeletewa fuvu la kijana aliyeokotwa kwenye machimbo ya mawe. Kompyuta inapima mfupa na kukadiria unene wa nyama, shavuni, kidevuni, nami naujenga uso kidogo kidogo kwenye skrini. Picha itatoka gazetini, huenda ndugu zake wakamtambua. Usianze kuwaza, Mama. Vijana waliopotea ni wengi.

Binti yako

20 Machi

Mwanangu,

Leo sina hata salamu. Nimeliona gazeti. Ni yeye! Masikio yale yaliyochomoza, aliyotaniwa shule nzima, nani mwingine anayo? Baba yako kaishika picha, kalia mpaka sauti ikamkauka. Msiba tumeshauweka, watu wamejaa uani. Mlete kaka yako tumzike.

Mama

27 Machi

Shikamoo Mama,

Kaa chini kwanza. Nilitoa damu yangu ilinganishwe vinasaba na mifupa ile, na majibu yametoka. Si Bonge. Hatuna undugu naye hata kidogo.

Masikio ni mimi, Mama. Fuvu halisemi sikio lilikuwaje. Hapo tunakisia, tunaweka ya kawaida tu. Mkono ukaenda wenyewe, nikaweka ya kaka, wala sikugundua mpaka niliposoma barua yako. Nimeyaondoa. Picha mpya inatoka kesho, maana naye ana mama yake. Nisamehe.

Binti yako

6 Aprili

Mwanangu,

Barua niliipata, nikaificha. Baba yako alikuwa ameanza kulala usingizi, nikamwonea huruma. Mwishowe nikamsomea. Alikwenda akawaambia waliochimba kaburi walifukie, akarudi akang'oa komeo la mlango, eti Bonge akija usiku asihangaike kugonga.

Sikulaumu. Aa, nakulaumu, sijui. Msiba ulipowekwa nililia, lakini moyoni nilipumua. Nilishukuru kwamba mwanangu amekufa! Mama gani mimi? Na sasa nianze tena kumtafuta, kwa miguu ipi?

Yule mama mwingine akija, mpimeni damu kwanza, kabla hajaiamini picha.

Likizo hii usije. Baba yako akisikia mlango unasukumwa atadhani ni yeye.

Mama