Koku Ameniuliza Chuo Kikoje

Ana,

Shikamoo sikukupa ulipokuwa hai, maana tulikuwa rika moja, na leo pia usiitegemee. Nakuandikia nimekaa mlangoni kwa mama, hapa Buhongwa. Nimetoka kwenye foleni ya sukari, na sukari yenyewe imeishia kwa mtu wa mbele yangu. Nimechoka, mwenzangu. Naanza na hilo kwa sababu hukumpenda mtu wa kuzungukazunguka.

Mdogo wako Koku yuko ndani, amejilaza. Ameshuka leo asubuhi kwenye meli ya Bukoba na mkungu wa ndizi, kahawa ya kutafuna imefungwa kwa majani ya mgomba, na sanduku la bati. Amechaguliwa kwenda Chuo Kikuu. Jeshini kapita, kafanya kazi kwenye ushirika wa kahawa, tawi la chama limempendekeza, yote kayamaliza. Treni ya Dar ni kesho jioni. Meli ya kurudi Bukoba nayo ni kesho jioni, na mpaka sasa hivi sijui atapanda ipi. Ndiyo maana nakuita.

Tangu ulale mengi yamebadilika, na mengine hayataki kubadilika. Shuleni tulikofundisha bado wanalima pamba, na ile stoo ya majembe tuliyokuwa tukijifungia kusomea mtihani wa watu wazima wa kuingia chuo sasa ina kufuli. Watoto wako wa darasa la tatu waliimba siku tulipokupakia melini. Walikosea ubeti wa pili, na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu nilijua ungewasimamisha waanze upya. Tuliomba wawili, tukachaguliwa wawili, nikaenda mmoja. Malaria gani hiyo, Ana, ya kumpanda mtu kichwani wiki ileile majibu yanatoka? Mpaka leo nina hasira nayo.

Basi leo tulipomaliza kula, Koku akaniuliza chuo kikoje. Nikasema nimwambie ukweli, maana mimi na wewe tulijidanganya sana. Unakumbuka maneno yako? “Tutakaa kwenye viti vyenye mito, Msukuma wangu, na profesa atatuita kwa majina.” Nshomile wewe, Mhaya wa kuringia kisomo! Ulikuwa na maneno mpaka pamba ya shule ilikuwa inakusikiliza.

Nikamwambia hakuna anayekuita jina. Ukumbi ni mkubwa kama ghala la pamba na unajaa mpaka watu wanasimama ukutani. Mwalimu anaingia, anasema Kiingereza chake akiuangalia ubao, anatoka. Umeelewa, hukuelewa, shauri yako. Kengele haigongwi. Mimi niliyegonga kengele miaka yote hiyo nilikaa wiki nzima nasubiri ya kwao. Kitabu kinachotakiwa ni kimoja kwa watu wote hao, na kuna wajanja wanakificha kwenye rafu ya vitabu vya mifugo ili wakikute peke yao. Nilipokigundua nami nikakificha, kwenye rafu ya ushairi. Maji yanakatika. Wali una mawe, na foleni yake utadhani wanagawa nyama ya sikukuu. Mikutano kila mara, huyu anasimama kueleza ujamaa, yule anasimama kumpinga, wote hawajawahi kushika jembe, na mimi mkulima nimesinzia nyuma. Usinicheke. Halafu insha. Unaandika mpaka kidole kinaota sugu, inarudi na neno moja tu pembeni, “Kwa nini?” Kwa nini nini? Hasemi.

Nikamweleza na lile la goti. Hili hukulisikia.

Insha ilikuwa imenishinda, nikamkuta mwalimu wangu kwenye korido. Kijana, Ana, hata mdogo wangu wa mwisho anamzidi umri. Lakini mwalimu ni mwalimu. Nikaweka vitabu chini, nikapiga goti, nikaamkia kama nilivyolelewa. Yule kijana akashtuka, akachuchumaa naye, akaanza kupapasa sakafu. “Ndugu, umeangusha nini?” Kwa aibu nikasema kalamu. Basi tukaitafuta wote wawili kalamu ambayo haipo, wanafunzi wanaturuka, vitabu vyangu vinakanyagwa. Mwisho akachomoa ya kwake mfukoni akanipa, akasema pole. Insha nikasahau hata kuiuliza.

Koku alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha, kwa sababu na yeye ni Mhaya wa kupiga goti, na nadhani alijiona mwenyewe pale sakafuni. Akaniuliza afanyeje. Nikamwambia kule asalimie wima, nyumbani apige. Nilisema hivyo kama jambo rahisi, lakini si rahisi. Nilipokuja likizo mama alitoka kunipokea, nikachelewa kupiga goti. Kidogo tu. Goti langu siku hizi linafikiri kwanza. Mama aliona. Alipika, tukala, akaosha vyombo, ndipo aliposema, “Hicho chuo kinakula magoti.” Mwanangu Masanja naye ameshazoea kumwita bibi yake mama, na mimi ananiita shangazi. Nilimrekebisha siku mbili za kwanza, halafu nikachoka.

Nilipomaliza kumwambia Koku yote hayo, akatafuna kahawa yake taratibu. Macho yako anayo huyu mtoto, yale ya kusubiri mwanafunzi amalize uongo. Akasema, “Dada Nyamizi, umenieleza kila kitu. Hujaniambia kama wewe unarudi.”

Nikakusanya vyombo badala ya kumjibu.

Kwa sababu nilikuwa sirudi, Ana. Nilishakwenda kwa mwalimu mkuu kumuuliza kama darasa langu la nne lina mtu. Akasema bado liko wazi, njoo hata Jumatatu, na nilitembea kurudi nyumbani nimepumua kwa mara ya kwanza mwaka huu. Chaki, watoto, kengele yangu mwenyewe. Sikumwambia mama. Nilikuwa nangoja treni iondoke, kisha niseme imeniacha.

Koku alinisoma usoni. Hakunilaumu. Alisema, “Kama dada Ana hakufika, na wewe uliyefika umeshindwa, basi mimi peke yangu nakwenda kufanya nini? Napanda meli.” Akaingia ndani kujilaza.

Nimekaa hapa mlangoni nikikutafuta. Nilitaka useme kwamba nimpumzishe mtoto wa watu, arudi kwa mama yenu ambaye amekwisha kuzika mmoja. Sikukusikia ukisema hivyo. Najaribu kukusikia na kila mara nasikia ukinidhihaki. Uchungu wangu ni huu, na sijawahi kuusema: kule hakuna anayekujua. Hapa kila nikipita mtu ananipa pole ya Mwalimu Ana. Kule nilikaa mwaka mzima na msiba ambao hauna jina wala mtu wa kuuhani. Si wali wala Kiingereza kilichonichosha. Lakini Koku anakujua. Tukiwa wawili kule, utakuwa na watu.

Basi nimeinuka nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia darasa la nne amtafutie mtu. Amecheka, akasema aliona tangu mwanzo kwamba sitakaa. Nimemwambia mama, naye ameniambia nichukue mihogo ya njiani. Masanja atalia, au hatalia, na sijui kipi kitaniuma zaidi. Koku nimemwambia kutoka mlangoni, bila hata kuingia, kwamba kesho tunapanda treni wote. Sasa hivi ametoka, amesimama nyuma yangu, anauliza kama ndizi zake zitafika Dar kabla hazijaiva.

Jambo moja sikumwambia. Siku ya kwanza pale ukumbini niliwahi, nikakaa, nikaweka begi langu kwenye kiti cha pembeni. Mtu akaja kuuliza kama pana mtu. Nikasema yupo, anakuja. Nikafanya hivyo mwaka mzima, Ana, watu wamesimama ukutani, begi langu limekaa. Walinichukia, na walikuwa na haki.

Lala, mwenzangu. Siahidi kufaulu. Nakuahidi kwamba safari hii mtu akiuliza, nitalipakata begi langu, nitamwambia, kaa, ndugu, hapana mtu.

Nyamizi wako